Maswali na Majibu: Vitovu vya Mtandao wa Seli

Swali: Nina orodha ya jeni 181 ambazo RNA yake imepanda katika seli za uvimbe. Nimeziingiza zote kwenye STRING, hifadhidata inayoonyesha viungo (mahusiano) kati ya protini za jeni hizo, na TP53 imetokea kuwa na viungo vingi kuliko nyingine zote. Je, naweza kuandika katika tasnifu kwamba ndiyo kitovu cha ugonjwa huu na ndiyo ya kulengwa na dawa? *(Mwanafunzi wa uzamili)*

Jibu: Bado. TP53 ni miongoni mwa jeni za binadamu zilizochunguzwa zaidi, na protini inayochunguzwa sana hugunduliwa viungo vingi. Ingeweza kuongoza karibu orodha yoyote ya saratani. Isitoshe, kiasi cha p53, protini inayotokana na TP53, ndani ya seli hutegemea hasa kasi ya kuvunjwa kwake, kazi inayosimamiwa na protini nyingine, MDM2, kwa hiyo RNA yake peke yake haikuelezi mengi.

Anza kwa kuvikagua viungo vyenyewe. STRING ukiiacha ilivyo hukubali viungo vyenye alama ya uhakika kuanzia 0.4 kati ya 1, tena huchanganya ushahidi wa kila namna: majaribio ya maabara, jeni zinazopanda na kushuka pamoja, hata majina mawili kutajwa pamoja mara kwa mara kwenye makala. Mstari kati ya protini mbili hapo si lazima uwe na maana kwamba zinashikana. Nenda kwenye mipangilio, chagua mtandao wa protini zinazoshikana au zilizo katika kundi moja, ondoa ushahidi wa maandishi, weka kiwango cha 0.7, kisha urudie kwa 0.9. Kitovu kinachotoweka kati ya viwango hivyo viwili usikijengee hoja.

Hatua inayorukwa na wengi ni kulinganisha na bahati nasibu. Chukua mfano wa mtandao wenye protini 20,000, na protini moja yenye viungo 1,000. Hiyo imeungana na 1 kati ya kila 20. Ukiiweka pamoja na protini nyingine 180 zilizookotwa ovyo, utatarajia viungo 9. Ukipata 10, hujapata kitu. Ukipata 40, hapo pana jambo. Kwa hiyo tengeneza orodha 1,000 za bahati nasibu, na kila jeni yako uibadilishe kwa nyingine yenye idadi ya viungo inayokaribiana nayo na inayofanya kazi katika tishu hiyohiyo. Sharti hili la tishu ni la lazima: ukilinganisha jeni za ini na jeni zote za mwili, kila kitu kitaonekana cha ajabu.

Kuhusu dawa, wingi wa viungo unaweza kuwa sababu ya kusita. Protini inayotegemewa na shughuli nyingi ukiizuia, seli zenye afya nazo zitaumia.

Swali: Nimesoma kwamba mwaka 2001 ilionyeshwa kuwa katika hamira, protini yenye viungo vingi ikiondolewa, seli hufa. Mbona wengine wanabisha?

Jibu: Utafiti huo ni wa Hawoong Jeong, Albert-László Barabási na wenzao. Walikuwa na protini 1,870 na viungo 2,240. Asilimia 93 ya protini zilikuwa na viungo visivyozidi 5, na kati ya hizo asilimia 21 hivi zilikuwa za lazima kwa uhai. Zenye viungo zaidi ya 15 zilikuwa asilimia 0.7, na kati ya hizo asilimia 62 zilikuwa za lazima. Fanya hesabu: asilimia 0.7 ya 1,870 ni protini 13. Ni chache mno kubeba kanuni kubwa.

Vingi vya viungo hivyo vilitokana na jaribio la chambo na windo. Chambo hubeba kipande kinachokaa kwenye DNA, windo hubeba kipande cha kuwasha jeni. Zikishikana, jeni ya kutengeneza histidini huwaka, na hamira huota kwenye chakula kisicho na histidini. Makosa yake yanajulikana. Baadhi ya chambo huwasha jeni zenyewe, bila windo, nazo huonekana vitovu. Protini za utando huwa hazifiki kwenye kiini, kwa hiyo huonekana hazina marafiki. Na protini mbili zinaweza kushikana humo ilhali kwa kawaida moja hukaa kwenye mitokondria na nyingine nje.

Njia ya kuvua kundi zima la protini nayo ina mtego wake. Ukivua protini 10 zilizoshikana, unaweza kuchora mistari 9 kutoka kwa chambo, au 45 kwa kuunganisha kila moja na kila nyingine. Data ni ileile. Vitovu ni tofauti kabisa. Nami naona hapa ndipo penye kiini cha ubishi: protini za proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, zina viungo vingi kwa sababu ni sehemu za mashine kubwa, na seli hufa kwa kukosa mashine hiyo, si kwa kupoteza mistari.

Swali: Grafu yangu ya idadi ya viungo imenyooka kwenye skeli za logi. Inatosha kusema kwamba mtandao wangu unafuata kanuni ya kipeo (power law)?

Jibu: Haitoshi. Migawanyo mingi hunyooka kwa macho. Kadiria kipeo kwa njia ya ulinganifu mkubwa wa uwezekano (maximum likelihood), usitumie rula, kisha uulinganishe mgawanyo huo na ule wa logi-kawaida (log-normal). Uandike pia mstari wako unaanzia kiungo cha ngapi.