Mbwa wawili wa kuokotwa wasiotulia

Ndugu, umeuliza kama ni busara kuendelea kuishi na mbwa wawili uliowaokota Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambao hawatulii na wamekwishachimbua bustani yako yote. Endelea nao. Kwanza wapeleke kwa daktari wa mifugo wapate chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha kila alfajiri watembeze kwa kamba kuelekea miteremko ya mlima Loleza kwa muda wa saa nzima, kwa kuwa mbwa anayechimba mara nyingi ni mbwa aliyekosa kazi. Wangu, niliyemtoa jalalani, alinitafunia viatu jozi tatu (kandambili sizihesabu). Leo, katika baridi ya Julai, hulala miguuni pangu, na nirudipo jioni hunizunguka getini kwa furaha ambayo hakuna mwanadamu aliyewahi kunionyesha.