"To see" au "to seeing"?

SWALI: Mhariri, barua yangu ya kuomba kazi niliimalizia kwa "I look forward to see you", na mwalimu mmoja akaikata kwa wino mwekundu. Kosa liko wapi? – Msomaji, Mbale.

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu yuko sahihi. Kiingereza kina maumbo ya kitenzi yasiyoonyesha nafsi wala kubeba wakati kama "sees" au "saw": "to see", "seeing" na "seen". Sisi kazi ya mawili ya kwanza tunaibebesha "kuona" peke yake, na hapo ndipo tunapoteleza. "To" ya "look forward to" ni kihusishi, hivyo hufuatwa na nomino au umbo la "-ing". Ukitaka kuhakikisha, weka nomino: "I look forward to your letter" inakubalika, ilhali "I want to your letter" haisemeki.

Tofauti ya maumbo haya hugeuza hata maana. "He stopped to buy chapati" ni mtu aliyesimama kando ya barabara ili anunue chapati. "He stopped buying chapati" ni aliyeacha kabisa kuzinunua, jambo ambalo hapa Uganda, penye wauza rolex (chapati iliyoviringwa pamoja na mayai) kila kona, ni gumu kusadiki.