Kaja na "shangazi", na kila swali anajibu shangazi

SWALI: Dada habari za kazi, mi ni nesi kwenye zahanati moja hapa Dar. Juzi kaletwa binti wa kama miaka 15 hivi, kaungua mkono na ukiangalia kidonda ni pasi kabisa hiyo, aliyemleta anasema ni shangazi yake na kila nikimuuliza binti anajibu yeye, eti kamwagikiwa chai. Binti kainama tu, hata mtaa anaokaa haujui. Nikamfunga kidonda wakaondoka ila sina amani. Ningefanyaje?

JIBU: Mdogo wangu, umeona sawasawa. Chai inachuruzika, haichori ncha ya pasi. Tukisikia usafirishaji haramu wa binadamu tunawaza mipaka na malori, kumbe hapa kwetu mara nyingi ni binti katolewa Singida au Iringa kwa ahadi ya kusomeshwa ushonaji, akifika mjini ni hausigeli wa bure, simu kachukuliwa na mshahara eti "anatunziwa".

Kosa (hata mi nimelifanya sana) ni kumuuliza mbele ya huyo shangazi. Na usigombane naye, akishtuka humwoni tena mtoto. Kidonda cha moto lazima kirudi kusafishwa, si ndio? Basi hapo ndio nafasi yako, chumba cha dresingi anaingia mgonjwa peke yake, ndio utaratibu, shangazi asubiri benchi. Ukiwa unasafisha muulize taratibu, unalala wapi, unakula saa ngapi, ukitaka kwenda kwenu unaruhusiwa? Kama Kiswahili kinampa shida tafuta mtumishi anayejua lugha yake, shangazi asitafsiri. Akigusia kuingiliwa kimwili usisubiri kesho, dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya masaa 72.

Andika kwenye faili maneno yake kama alivyosema na umbo la kidonda, faili lisipite mikononi mwa shangazi. Mwambie mganga mfawidhi, muite afisa ustawi wa jamii au piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, na kama hospitali ya karibu ina Kituo cha Mkono kwa Mkono mpeleke huko, polisi na ustawi wanakutwa humo humo. Shangazi akidai binti alikubali mwenyewe, sheria ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu haiangalii hilo. Angekuwa mtu mzima ungemsikiliza kwanza anataka nini, ila huyu ni mtoto, unaripoti.

Asiporudi kwa dresingi, rejista si ina namba ya simu waliyoacha? Anza na hiyo leo.