Sinki au sikio?

Mdogo wangu, unajifunza u-DJ na unauliza: ukiunganisha nyimbo mbili, ulinganishe biti kwa sikio au ubonyeze tu sinki (sync), kile kitufe cha programu kinacholinganisha chenyewe. Anza na sikio. Sinki hufuata gridi, yaani alama za biti ambazo programu imejichorea, na ule muziki wa dansi wa zamani ulipigwa laivu: sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, likikolea, mwendo unapanda wenyewe, gridi inabaki nyuma na ngoma zinagongana. Hedifoni sikio moja, sikiliza kiki, ile ngoma nzito ya chini. Wimbo unaoingia ukitangulia, punguza spidi kidogo, ukichelewa, ongeza. Na funika namba za BPM (mapigo kwa dakika), zinadekeza. Amapiano imetengenezwa kwenye kompyuta, hapo bonyeza sinki bila aibu, akili iwe kwenye kuchagua nyimbo. Singeli ya BPM 200 na zaidi kuwa makini tu, programu wakati mwingine huisoma nusu ya spidi yake.