Maswali na Majibu: Kidonda cha Kulalia, Kifua cha Kijana na Hasira ya Mlezi

Swali: Sista, mama yangu alipatwa na kiharusi na hawezi kujigeuza kitandani. Juu ya makalio, uti wa mgongo unapoishia, pametokea doa jeusi lenye joto. Jirani ameniambia nipasugue kwa spiriti. Je, nifanye hivyo? (Msomaji, Kayole)

Jibu: Usipasugue, iwe kwa spiriti au kwa mafuta, kwa sababu nyama ya mahali hapo imebanwa kati ya mfupa na godoro hadi ikakosa damu, na kuisugua ni kuiumiza zaidi. Hicho ni kidonda cha kulalia kinachoanza. Maelezo mengi hutaja wekundu, lakini katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Linganisha basi mahali hapo na ngozi iliyo kando, na ukikuta rangi imekoza au imekuwa ya zambarau, pana joto, pamekuwa pagumu au panabonyea kuliko kawaida, usingoje ngozi ipasuke ndipo uchukue hatua.

Mgeuze kila baada ya saa 2, na kwa sasa aepuke kulala chali. Anapolala ubavu, mwegemeze kidogo kwa mto nyuma ya mgongo ili uzito wote usikae juu ya mfupa wa nyonga, kisha weka mto mwingine chini ya miguu, kuanzia magotini hadi karibu na vifundo, ili visigino visiguse godoro. Msimburute, watu wawili wamwinue kwa shuka iliyokunjwa chini yake. Glavu zilizojazwa maji na pete za mpira, ambazo hadi leo nazikuta majumbani, si za kutegemea, kwani pete huhamishia shinikizo kwenye ukingo wake tu. Badilisha nepi mara inapolowa, na kama anameza vizuri mpe mayai, maharagwe au omena, akiwa ameketi wima. Ngozi ikipasuka, kukiwa na usaha au homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu naye anaweza kumpima shinikizo la damu hapo nyumbani, jambo ambalo aliyepata kiharusi hafai kulikosa.

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka 13. Chini ya chuchu moja pana uvimbe unaouma, na wenzake shuleni wanamcheka. Je, ni saratani? (Baba, Kasarani)

Jibu: Karibu kwa hakika si saratani. Takriban nusu ya wavulana hupata uvimbe wa namna hiyo wakati wa kubalehe, homoni zinapokuwa hazijatulia, na kwa kawaida huisha wenyewe katika muda wa miezi 6 hadi miaka 2. Asiubinye. Apelekwe kwa daktari iwapo chuchu inatoa majimaji au damu, uvimbe unakua haraka, au ulijitokeza kabla ya dalili nyingine zozote za kubalehe. Mzungumze naye faraghani, wewe au mjomba wake, kwa maana kicheko cha wenzake huenda kinamuumiza kuliko uvimbe wenyewe.

Swali: Binti yangu alianza hedhi akiwa na miaka 11, kisha akakosa miezi miwili. Nifanye nini? (Mama, Lang'ata)

Jibu: Katika miaka ya kwanza hedhi huwa haijapata mpangilio, na mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida. Muone daktari akipitisha siku 90, akitokwa na damu zaidi ya siku 7, au akilowesha sodo kila saa moja au mbili. Muulize pia, kwa upole na bila kumshutumu, kama kuna mtu aliyemgusa isivyofaa.

Swali: Namtunza baba mwenye ugonjwa wa kusahau. Ananiuliza jambo moja mara ishirini, nami siku hizi namfokea, kisha nalia. Je, nimekuwa mtu mbaya? (Binti, Umoja)

Jibu: La, dada, umechoka. Kubishana naye hakufai, kwa kuwa jibu ulilompa halibaki. Mjibu kwa ufupi, kisha mwelekeze kwenye shughuli nyingine. Hasira ikikupanda, hakikisha yuko salama, utoke nje kwa dakika chache. Ndugu zako wanaotuma pesa kwa M-Pesa wanasaidia, lakini pesa haimlindi mzee usiku, kwa hiyo waombe zamu zenye siku na saa. Iwapo kwa zaidi ya wiki 2 huna furaha, hulali au huli, nenda kliniki. Hospitali ya Mathari iliyoko Barabara ya Thika hupokea pia watu wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na si lazima mtu awe amerukwa na akili ndipo aende. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje hata siku moja: mwambie mtu wa karibu na upige 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Jambo moja kumhusu baba: ugonjwa wa kusahau huzidi polepole. Akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, mpeleke hospitali siku hiyo, kwani huenda ni maambukizi ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, au dawa mpya aliyopewa.