Reli ya Strathspey: nani aliifufua?
Ndugu, umeuliza kama reli ya Strathspey kule Uskoti ilifufuliwa na serikali. Hapana, ni watu wa kujitolea. Na usidhani ilizaliwa kijitawi cha vijijini: ilipofunguliwa mwaka 1863 ndiyo ilikuwa njia kuu kutoka Perth kwenda kaskazini, ikipita Aviemore, Grantown na Forres. Mwaka 1898 ikakamilika njia ya mkato ya Aviemore hadi Inverness kupitia Carrbridge, ile ya zamani ikabaki kama mke mkubwa. Ripoti ya Beeching ya 1963, iliyopendekeza njia nyingi za reli za Uingereza zifungwe, ikaja na panga lake, na abiria wa mwisho wakashuka Oktoba 1965.

Wapenzi wa treni za mvuke wakaanza upya mwaka 1978, kilomita 8 hivi kutoka Aviemore hadi Boat of Garten (hiyo "Boat" ni kivuko cha zamani cha mto Spey, kijiji kikabaki na jina). Broomhill wakafika 2002. Sasa wanaitaka Grantown, ila huko ni kujenga madaraja na kuvuka barabara kuu, si kupaka rangi mabehewa.