Muulize Bibi Nesi: Mwanangu hana maneno, nitajuaje panapomuuma?

SWALI

Shikamoo bibi. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na nusu, ana mtindio wa ubongo. Alipozaliwa hakulia. Hatembei, hakai bila kushikiliwa, na maneno hana. Kwake ni kucheka, kulia na kuguna tu. Tangu Idi ipite amebadilika. Usiku anajikaza mgongo, anasaga meno, analia hadi sauti inakauka. Mchana ana nafuu, ila nikimbadilisha nepi anapiga ukelele mpaka majirani wanatoka. Zahanati niliambiwa watoto hawa ndivyo walivyo, nikapewa dawa ya maji ya maumivu. Mama mkwe anasema ni zongo, mtoto ameshasomewa na kunyweshwa kombe. Baba yake mvuvi, usiku niko peke yangu naye. Nifanyeje?

Mama wa Makorora, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukesha.

Hilo la "ndivyo walivyo" silikubali. Ubongo wa mwanao uliumia zamani, na jeraha lile haliendelei kukua. Mtoto aliyekuwa akilala, leo halali, ana jambo jipya, na jambo jipya hutafutwa. Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi. Kauli hiyo nimeisikia ikifunga faili ambalo hata halijafunguliwa.

Kilichonishtua kwenye barua yako ni nepi. Kilio cha usiku kina sababu nyingi, lakini mtoto anayepiga ukelele miguu ikipanuliwa, mimi naitazama nyonga kwanza. Kwa mtoto asiyesimama, misuli ya mapaja hukaza na kuvuta, na kichwa cha mfupa wa paja husogea kidogo kidogo kutoka kwenye kikombe chake. Si jambo la nadra: utafiti wa Australia uliochapishwa 2006 uliwakuta nalo karibu mtoto mmoja kati ya watatu wenye mtindio wa ubongo. Kwa macho huwezi kulijua. Omba rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa, na ukiingia kwa daktari usimsimulie tu kilio, mwambie: "Naomba apigwe eksirei ya nyonga zote mbili."

Ila usisubiri rufaa kumkagua. Mvue nguo zote mchana, mlaze karibu na dirisha. Linganisha mapaja: kuna lililovimba, lenye joto, au mguu ulioonekana mfupi kuliko mwenzake? Watoto wasiosimama mifupa yao huwa dhaifu, mfupa unaweza kuvunjika hata kwa kuvalishwa suruali, na mama asijue. Tazama kinena na mapumbu kama kuna uvimbe. Achanisha vidole vya miguu kimoja kimoja. Uzi wa soksi au unywele ukijiviringisha kwenye kidole hukikaba hadi kikawa chekundu na kuvimba, na mtoto hulia bila kunyamaza. Ukiona lolote kati ya haya ni hospitali siku hiyo hiyo, si kesho. Vivyo hivyo akitapika nyongo ya kijani, tumbo likijaa na kuwa gumu, shingo ikikakamaa na homa, au akipata degedege inayopita dakika tano.

Masikio na malaria watakupimia. Meno tazama mwenyewe, maana umri huo magego ya nyuma yanatoka. Choo nacho: kikitoka kigumu vidonge vidonge, au akipitisha siku kadhaa bila kwenda, hilo pekee linatosha kumkesha. Na kama kujikaza mgongo kunakuja akishakula, inaweza kuwa asidi ya tumbo inampanda. Mlishe akiwa wima, na baada ya uji usimlaze upesi.

Kuhusu zongo, sina ugomvi na mama mkwe. Mie wa Tanga, nimesomewa utoto mzima. Dua iendelee. Kombe ndilo siliafiki, kwa sababu watoto hawa hupaliwa kirahisi, na maji yanayomiminwa kinywani mtoto akiwa chali hukimbilia mapafuni. Mwambie kwa adabu asome, ampake.

Sasa panapomuuma. Wauguzi wana kipimo kiitwacho FLACC, kilichotolewa Michigan, Marekani, 1997, kwa watoto wasioweza kusema. Unatazama uso, miguu, mwili unavyohangaika, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja unakipa 0, 1 au 2. Jumla haizidi 10, na kadiri inavyopanda ndivyo anavyoumwa zaidi. Mwaka 2006 kilirekebishwa kwa watoto kama wako, mzazi akapewa nafasi ya kuandika dalili za mwanawe mwenyewe, kwani wapo wanaonyamaza kimya wakiumwa, na wapo hata wanaocheka. Hapo mjuzi ni wewe. Chukua daftari, ukurasa wa kwanza andika alivyo siku njema: analalaje, anakunywaje uji, miguu yake inakaza kiasi gani. Bila ukurasa huo daktari hana cha kulinganisha nacho. Kurasa zinazofuata andika saa aliyoanza kulia, alikuwa amefanyiwa nini, na nini kilimtuliza.

Dawa mpe kwa uzito, si kwa kukisia. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, arudie baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Soma kwenye chupa kila mililita tano zina miligramu ngapi, maana chupa hazifanani. Akitulia baada ya dozi, liandike hilo: ni ushahidi kwamba alikuwa anaumwa, si kwamba ana deko. Diklofenaki ya babu na aspirini asiguse.

Usiku mrekodi video kwa simu, mwili mzima, khanga imefunuliwa. Daktari anamwona dakika chache mchana akiwa ametulia. Kwenye video ndipo atatofautisha maumivu na kifafa, kama anashtuka kwa kurudiarudia au macho yanageuka.

Majibu ya eksirei yakitoka niandikie, hata yakiwa safi. Yakiwa safi tunahamia tumboni.